Geini si sauti: Jinsi ya kutega amplifaya ya gari kabla sabufa haijaungua

UKISIMAMA stejini Kondele, Kisumu, jioni watu wakitoka kazini, unaisikia matatu kabla hujaiona. Kifua ndicho kinachosikia kwanza. Kisha vioo vya kibanda cha M-Pesa vinatetemeka, halafu ndipo gari linatokea, makanga ananing'inia mlangoni na ohangla imefunguliwa hadi mwisho.

Sote tunajua namna vijana wanavyochagua gari. Nauli ikiwa sawa, anayeshinda ni mwenye mziki. Kuna abiria wanaoacha gari tupu lipite na kusubiri dakika 15 zaidi ili waingie kwenye lile lenye besi. Na si matatu tu. Tuktuk za Nyalenda, Probox za kwenda Bondo na Vitz ya jamaa aliyepata kazi juzi zote sasa zina boksi nyuma.

Lakini siku moja sikiliza kwa makini. Gari moja likipita, besi inagonga safi, kila pigo la ngoma liko peke yake. Linalofuata linakoroma kama bati lililolegea wakati wa upepo. Wengi hudhani la pili ndilo lenye nguvu zaidi. Ukweli ni kwamba la pili linaungua, ila bado hujaona moshi.

Mimi nilijifunza hayo kwa hasara. Nilinunua sabufa ya inchi 12 ya mtumba kwa Sh11,000, nikatafuta na amplifaya, nikampelekea fundi mmoja wa kibandani anifungie kwenye Probox ya nyumbani. Alipomaliza alizungusha kila kitufe hadi mwisho, akawasha, akacheka. Mimi pia nilicheka. Wiki ya tatu, nikiwa naelekea Kisian, nikasikia harufu kama ya gundi na nywele zilizoungua. Besi ikakatika papo hapo.

Fundi aliniambia, "Omera, hiyo spika ilikuwa feki." Nikaamini. Nikanunua nyingine, nayo haikumaliza mwezi.

Ya tatu nilimpelekea fundi tofauti. Huyu hakugusa spika kwanza. Alifungua buti, akaangalia amplifaya, akatikisa kichwa. Kisha akatoa bisibisi ndogo na mita, akaniambia nikae chini anionyeshe. Kila kitu ninachoandika hapa kilianza siku hiyo.

GEINI NI NINI HASA?

Kwenye amplifaya yoyote ya gari utaona kitufe kidogo kilichoandikwa GAIN, au LEVEL, au INPUT SENSITIVITY. Mafundi wetu wanakiita geini. Karibu kila mtu hudhani ni kitufe cha sauti: ukizungusha zaidi, unapata nguvu zaidi. Hapo ndipo makosa yote huanzia.

Geini haiongezi nguvu ya amplifaya hata wati moja. Amplifaya ya wati 500 ni ya wati 500 geini ikiwa chini, katikati au juu. Kazi ya geini ni kuipatanisha amplifaya na redio yako.

Redio hutoa mawimbi madogo ya umeme kupitia nyaya za RCA. Redio nyingi za bei nafuu hutoa takriban volti 2 zikifunguliwa karibu na mwisho. Nyingine nzuri zaidi hutoa volti 4 au 5. Amplifaya inahitaji kujua ni volti ngapi zinazokuja ili ijue ni wakati gani wa kutoa nguvu zake zote. Geini ndiyo inayoiambia.

Ukiiweka juu sana, amplifaya hufika mwisho wa nguvu zake redio ikiwa bado namba 15. Wewe unaendelea kufungua hadi 30. Amplifaya haina pa kwenda, kwa hivyo inaanza kukata mawimbi.

Picha ni hii. Mtu mrefu wa futi sita na nusu akipanda zile Nissan za abiria 14, hawezi kusimama wima. Paa ni lile lile. Akilazimisha, kichwa kinagonga. Mawimbi ya mziki nayo yana umbo la mviringo juu na chini, kama mawimbi ya ziwa siku ya upepo. Paa la amplifaya ni kiwango chake cha mwisho cha volti. Wimbi likizidi paa, kichwa chake kinakatwa na kubaki tambarare. Mafundi huita hali hiyo klipingi.

KWA NINI SPIKA HUUNGUA

Ndani ya sabufa kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye mrija na kubanwa kwa gundi. Umeme ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma ndani ya sumaku. Sehemu ndogo sana ya umeme huo hugeuka sauti. Sehemu kubwa hugeuka joto.

Wimbi la kawaida hupanda na kushuka, kwa hivyo muda mwingi haliko kileleni. Wimbi lililokatwa kichwa hukaa kileleni kwa muda mrefu zaidi. Likikatwa kabisa na kuwa kama sanduku, hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kimo hicho hicho. Amplifaya ya wati 500 safi inaweza basi kusukuma karibu wati 1,000 chafu. Kama sabufa yako ilitengenezewa wati 500, koili inapikwa. Gundi inalainika, waya unaachia, na ile harufu niliyoisikia njia ya Kisian inafika.

Ndiyo maana si kweli kwamba amplifaya ndogo ni salama kwa spika kila mara. Amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupita uwezo wake inaweza kuchoma spika ambayo amplifaya kubwa iliyotegwa vizuri isingeigusa.

Kuna adui wa pili, na huyu huvaa sura ya rafiki: kitufe cha BASS BOOST. Kila desibeli 3 unazoongeza zinahitaji nguvu mara mbili. Desibeli 6 ni mara nne. Vitufe vingi hufika desibeli 12, na hiyo ni karibu mara 16. Amplifaya yako haina nguvu hizo popote. Kirudishe sifuri na ukisahau.

NAMBA YA KWELI NA NAMBA YA SOKONI

Kabla ya kutega chochote, unahitaji namba mbili: wati za RMS na omu.

Ukizunguka soko la Kibuye au maduka ya spea mjini utaona boksi zilizoandikwa "wati 2,000" au "wati 3,500" kwa herufi zinazong'aa. Hiyo ni namba ya kuuzia, inayohusu kilele cha sekunde ndogo, na mara nyingine haihusu kitu chochote. Namba ya kazi ni RMS, nguvu ambayo kifaa kinaweza kubeba kwa muda mrefu. Huandikwa kwa herufi ndogo, au kwenye kijitabu kilicho ndani ya boksi.

Kama huna kijitabu, fyuzi haidanganyi sana. Angalia fyuzi zilizo kwenye amplifaya yenyewe, ujumlishe ampea zake, kisha zidisha kwa 13.8, ambazo ni volti za gari likiwa linanguruma. Tuseme amplifaya imeandikwa wati 2,000 lakini ina fyuzi moja ya ampea 30. Mara 13.8 unapata wati 414 zinazoingia. Hakuna amplifaya inayotoa yote inayopokea. Zile za Class D hutoa takriban asilimia 80, kwa hivyo hapo ni kama wati 330. Za Class AB hutoa kidogo zaidi ya nusu, yaani wati 230 hivi. Zile wati 2,000 zilibaki kwenye boksi.

Omu ni upinzani wa koili dhidi ya umeme. Sabufa yenye koili moja ya omu 4 ni omu 4. Yenye koili mbili za omu 4 unaweza kuiunganisha ikawa omu 2, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, au omu 8 ukizifuatanisha. Soma amplifaya yako inavumilia omu ngapi. Ukiipa omu 1 ilhali imetengenezewa 2, hata geini iwe chini itapata joto na kuzima, na ikizoea hivyo itakufa.

KUTEGA KWA MITA

Sasa tufanye kazi. Unahitaji multimita ya kawaida ya digitali, bisibisi ndogo, na sauti ya majaribio ya Hz 50 iliyorekodiwa kwa kiwango cha desibeli 0. Sauti hiyo inapatikana bure mtandaoni. Iweke kwenye flashi na usiicheze kwa Bluetooth, kwa sababu simu ina sauti yake na inaweza kukuvuruga.

Kwanza, egesha gari mahali pa wazi penye hewa. Gari litakuwa linanguruma ili volti zifike 13.8 au 14, kwa hivyo usifanye kazi hii ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa gari unaua, tena bila kukuambia.

Pili, hesabu lengo lako. Chukua wati za RMS, zidisha kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kikokotoo cha simu kinatosha. Wati 300 kwa omu 4 ni 1,200, na kipeuo chake ni volti 34.6. Wati 500 kwa omu 2 ni 1,000, na kipeuo chake ni volti 31.6. Wati 500 kwa omu 4 ni volti 44.7. Kama RMS ya amplifaya na ya sabufa hazilingani, tumia ile ndogo.

Tatu, zima kila kitu na uchomoe nyaya za sabufa kutoka kwenye amplifaya. Usiziache zikigusana. Hili ni muhimu, kwani ile sauti ya majaribio ikichezwa kwa nguvu zote inaweza kuchoma koili ndani ya muda mfupi.

Nne, rudisha geini chini kabisa. Bass boost iwe sifuri. Kichujio cha LPF kifungue hadi namba ya juu kwa sasa, na kile cha subsonic kiweke chini kabisa au ukizime. Kama una kile kitufe cha besi kinachowekwa karibu na dereva, kifungue hadi mwisho. Ukitega kikiwa juu, baadaye kitaweza tu kupunguza. Hakitaweza kukuchomea spika.

Tano, nenda kwenye redio. Ondoa loudness, weka ekwalaiza katikati pote na kiwango cha sabufa sifuri. Kisha fungua sauti hadi robo tatu ya mwisho. Redio inayofika 40, simama kwa 30. Inayofika 60, simama kwa 45. Kumbuka namba hiyo, kwa sababu kuanzia leo ndiyo mwisho wa gari lako. Redio nyingi huanza kukata mawimbi zenyewe zikipita hapo, na uchafu ulioanzia kwenye redio hausafishwi na amplifaya yoyote.

Sita, weka mita kwenye volti za AC, si DC. Shika ncha moja kwenye mdomo wa chanya wa kutolea sauti na nyingine kwenye hasi, bila kugusa chuma kwa vidole. Cheza ile sauti. Zungusha geini polepole sana, kama mtu anayefungua bomba la maji ya kununua, huku ukitazama mita. Ikifika lengo lako, simama.

Saba, punguza redio, zima, rudisha nyaya za sabufa. Rudisha LPF kwenye Hz 80 hivi ili sabufa ichukue besi pekee na iachie sauti za waimbaji spika nyingine. Kama boksi lako lina tundu, weka subsonic chini kidogo ya kiwango ambacho boksi lilitengenezewa. Kwa boksi nyingi ni kati ya Hz 25 na 30. Chini ya hapo hewa ya boksi haiizuii tena koni, na spika inaweza kuruka kupita mpaka wake na kupasuka hata kama haijapata joto.

Ukiona geini imefika mwisho na mita haijafika lengo, usiongeze bass boost ili kujaza. Redio yako inatoa volti kidogo tu. Iache hapo, au siku nyingine ubadilishe redio.

Utashangaa jambo moja. Mara nyingi geini itasimama mahali pa chini kuliko ulivyozoea, hata chini ya nusu. Yangu ilisimama karibu na robo. Nilidhani fundi ananifanyia mchezo. Alipocheza benga, gitaa la besi lilitoka nota moja moja, na nilisikia vitu ambavyo kwa miezi miwili vilikuwa vimezama kwenye mngurumo.

KAMA HUNA MITA

Sikio linaweza kusaidia, ingawa linahitaji subira. Fuata hatua zile zile, lakini sabufa iachwe imeunganishwa na geini iwe chini kabisa. Cheza ile sauti ya Hz 50 na upandishe geini taratibu, kwa sekunde chache chache, ukipumzisha spika katikati. Mwanzo utasikia mvumo laini, wa duara. Mahali fulani mvumo utabadilika na kuanza kukwaruza, kama nyuki aliyeingia ndani ya kopo. Hapo umepita. Rudi nyuma hadi ulaini urejee, kisha ongeza hatua ndogo ya kurudi kwa usalama.

Mita nayo ina udhaifu wake. Inasoma volti, haioni umbo la wimbi. Ukiipa namba ya uongo iliyoandikwa kwenye boksi, itakupeleka moja kwa moja kwenye klipingi huku ukijiona mtaalamu. Kifaa kinachoonyesha wimbi lenyewe ni osiloskopu, na siku hizi kuna ndogo za mkononi. Fundi kijana anayeanza kazi, ukiweka akiba ununue kimoja, wateja watakuja wenyewe.

WAYA, FYUZI NA MOTO

Tumeongea kuhusu kuchoma spika. Sasa tuongee kuhusu kuchoma gari, pengine likiwa na watu ndani.

Waya mkuu wa chanya unatoka kwenye betri, unapita chini ya mazulia, unafika kwenye buti. Ukikwaruzwa mahali popote na kugusa bodi, betri nzima inamwaga umeme wake hapo. Waya unageuka mwekundu kama makaa, na zulia ni la plastiki. Kinga yake ni fyuzi moja iliyo karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo ya chanya. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya haisaidii hapa, kwa sababu hatari iko katika zile mita nne au tano za waya kabla ya kufika huko.

Ukubwa wa fyuzi hiyo unafuata waya, si tamaa. Ikikatika, kuna sababu. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuzungushia karatasi ya sigara au kipande cha waya, ni sawa na kumfunga mdomo mlinzi anayepiga kelele kwamba kuna mwizi.

Nunua waya wa shaba. Ule wa bei rahisi mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa nje, na haubebi umeme sawa na shaba yenyewe. Kwaruza kidogo kwa kisu: ukiona weupe ndani, umejua. Mahali waya unapopita kwenye bati kati ya injini na dereva, weka mpira ili usikatwe. Waya wa hasi uwe mfupi na ufungwe kwenye chuma kitupu cha bodi, rangi ikiwa imekwanguliwa.

Kisha kuna alternata. Wati 500 safi kutoka kwa Class D huvuta takriban ampea 45 zikiwa kwenye kilele. Alternata ya gari dogo kwa kawaida iko kati ya ampea 60 na 100, na hizo hizo zinawasha taa, feni na injini. Taa zikififia kila besi inapogonga, gari linakulilia. Volti zikishuka, paa la amplifaya nalo linashuka, na klipingi inarudi hata kama geini ulitega vizuri. Tuktuk ndiyo kabisa: ina umeme kidogo, kwa hivyo chagua sabufa ndogo yenye sauti safi.

Wenye minibasi kubwa, zile Isuzu za abiria 33, mna shida yenu. Gari ni la volti 24, betri mbili zilizofuatanishwa, lakini amplifaya nyingi ni za volti 12. Njia ya mkato inayopendwa ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Ile moja inachoka kila siku, nyingine inachajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi kadhaa zote zinakufa huku mwenye gari akimlaumu muuza betri. Weka kigeuzi cha kutoka 24 hadi 12 chenye ampea za kutosha.

NA MASIKIO YAKO JE?

Sabufa ikiungua unanunua nyingine. Sikio halina mtumba.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeonya kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza mziki kwa sauti ya juu. Kipimo chake cha usalama ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wataalamu wa usalama kazini nao huhesabu hivi: desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili. Ukifika 94 una saa moja. Ukifika 100 una dakika 15.

Abiria wa Kondele hadi mjini anashuka baada ya muda mfupi. Makanga na dereva hawashuki. Wako ndani kutoka alfajiri hadi usiku, siku sita au saba kwa wiki. Kama ukifika nyumbani masikio yanalia mluzi, au unamwambia mama "eti?" mara tatu kabla ya kumwelewa, hiyo ni dalili. Chembe ndogo za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Habari njema ni kwamba mfumo uliotegwa vizuri hukupunguzia haja ya kufungua sana. Mara nyingi tunaongeza sauti tukitafuta uwazi ambao klipingi imeumeza.

Kuna na sheria. Kanuni za kudhibiti kelele na mtetemo za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinakataza kelele za kupita kiasi zinazowasumbua watu. Ukipita Milimani saa sita usiku boksi likiwa wazi, usiseme hukuambiwa.

KAZI NDANI YA KELELE

Nimalizie na jambo ambalo yule fundi wa tatu alinifunza bila kulitaja. Baada ya kutega, alichukua kalamu nyeupe akaweka alama ndogo pale geini iliposimama. Kisha akaandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika kando ya amplifaya: wati, omu, volti za lengo, na "redio mwisho 30". Alinilipisha Sh500. Yule wa kwanza alinilipisha mara nne ya hiyo, na spika mbili juu yake.

Kisumu ina vijana wengi wanaojua kuunganisha waya. Wanaojua kupima ni wachache. Tofauti kati yao ni mita ndogo, kikokotoo cha simu na dakika 30 za subira. Mwenye matatu ambaye sabufa zake zimekaa mwaka mzima bila kuungua hatampeleka gari lake kwa mtu mwingine, na atawaambia wenzake stejini.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujaelekea Dunga kula samaki na mbogi yako, fungua buti. Angalia geini iko wapi. Angalia bass boost iko wapi. Kama vyote viko mwisho na bado hujasikia ile harufu, una bahati. Vitege kabla bahati hiyo haijaisha.

Probox yetu bado iko barabarani, na ile sabufa ya tatu bado inagonga. Ndugu yangu mdogo ndiye anayeiendesha sasa. Kila mara akinyoosha mkono kuipandisha redio, najua atafika wapi na kusimama: 30.